Mpira wa mkojo ukikwama: mwongozo kamili kwa wahudumu wa zahanati na wanaouguza nyumbani

Ukikuta mpira wa mkojo, yaani mrija unaoingizwa kibofuni ili kutoa mkojo, haukubali kutoka, acha kuvuta. Hilo ndilo la kwanza, na msomaji akiondoka na hilo peke yake atakuwa ameokoa njia ya mkojo ya mtu.

La pili ni swali: mkojo unaendelea kuingia kwenye mfuko? Kama unaingia, mgonjwa hana homa, tumbo la chini ni laini na hana maumivu makali, basi muda upo. Mpira unaopitisha mkojo bado unafanya kazi yake hata kama umekwama, na mtu anaweza kukaa nao mpaka kesho boti ipatikane au daktari arudi. Kama mkojo umekata na kibofu kinajaa, hesabu inabadilika, na hali hiyo nimeiandikia sehemu yake huko mbele. Lakini majeraha mengi hutokea kwenye hali ile ya kwanza, ambako haraka haikuhitajika kabisa.

Nawaandikia wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Kigoma, hasa walio mbali na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni: Kalya, Buhingu, Nguruka, vijiji vya Kakonko na Kibondo kule mpakani. Nawaandikia pia ndugu wanaouguza wazee nyumbani, maana wao ndio wanaolala na kuamka na mpira huo. Ila tuelewane mapema: kazi zote za bomba la sindano na puto ni za mtu aliyefundishwa. Ndugu wana sehemu yao, nayo si ndogo.

Kinachoushikilia mpira

Mpira tunaoutumia karibu kila mahali ni wa aina ya Foley. Ndani yake kuna njia mbili. Moja ni pana, ya mkojo. Nyingine ni nyembamba sana, inapita ukutani mwa mpira na kupeleka maji kwenye puto lililo karibu na ncha. Puto likijazwa ml 10 linakuwa na upana wa karibu sentimita 2.7. Mpira wenyewe, tuseme namba 16, una unene wa milimita 5 na kidogo. Ndiyo maana puto lililojaa haliwezi kupita pale mpira ulipopita bila kuchana kitu.

Kwa mwanamume njia hiyo ina urefu wa karibu sentimita 20, ina kona, na inapita katikati ya tezi dume. Ukivuta, damu inatoka leo na kovu linabaki. Kovu likikaza, njia inasinyaa, na mzee aliyekuja na tatizo moja anaondoka na la maisha. Kwa mwanamke njia ni fupi, karibu sentimita 4, kwa hiyo puto linaweza kweli kutoka kwa nguvu, na hapo ndipo watu hudhani wamefaulu. Kilichoumia ni misuli inayobana mkojo, na mama huyo anaweza kuanza kuvuja.

Sababu za kukwama ni chache na ukizijua utaacha kubahatisha. Ya kwanza na ya kawaida ni puto kukataa kutoa maji: valvu imeharibika, njia ile nyembamba imeziba, au imejibana kwa sababu mtu alivuta bomba kwa nguvu mno. Ya pili, puto limetoa maji yote lakini limekunjamana na kufanya ukingo mithili ya pindo la mkono wa shati. Mipira ya silikoni ina tabia hiyo kuliko ya mpira wa kawaida (lateksi).

Ya tatu ni chumvi. Bakteria fulani, hasa Proteus, huvunja urea iliyo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo ukigeuka kuwa wa magadi, kalsiamu na magnesiamu huganda pamoja na fosfati kwenye ncha ya mpira na juu ya puto. Nimeuona mpira wa namna hiyo ukiwa kwenye trei baada ya kutolewa hospitalini: ncha nzima ilikuwa na ganda la rangi ya kijivujivu, gumu, linalokwaruza glavu, na tundu la mkojo limebaki jembamba kama la sindano ya kushonea. Ukivuta kitu kile kwa nguvu ndani ya mtu, unampigia msasa.

Nyingine hutokea mara chache zaidi. Mpira unaweza kuwa umeshonwa na daktari wakati wa upasuaji. Misuli inaweza kuwa imebana kwa woga au maumivu. Na kwa watoto wadogo, hasa pale mpira mwembamba wa kulishia ulipotumika badala ya mpira wa mkojo na kusukumwa ndani kupita kiasi, unaweza kujifunga fundo kibofuni. Mtoto wa namna hiyo apewe rufaa, usijaribu kitu.

Kabla hujagusa

Anza na mgonjwa, usianze na mpira. Msalimie, kaa, muulize. Wazee wengi wanaona aibu kubwa, na mtu mwenye aibu hubana misuli yote kuanzia mapajani. Funga mlango, weka pazia, toa watu wasiohusika. Mwambie mapema: “Babu, leo hatuvuti. Tunaangalia kwanza kwa nini mpira hautaki kutoka, na ukisikia maumivu nyoosha mkono, nitasimama hapo hapo.” Ahadi hiyo uitimize. Akinyoosha mkono, simama.

Kisha uliza na utafute kwenye kadi: mpira uliwekwa lini, wapi, na nani? Aliwahi kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, kibofu, uzazi au fistula (tundu linalovujisha mkojo ukeni)? Hili la upasuaji lina uzito wa pekee. Mama aliyetengenezwa fistula ana mpira kwa sababu kidonda kinahitaji kibofu kisijae. Kuutoa kabla ya siku yake, au kuuingiza mwingine kwa kubahatisha, kunaweza kufungua kazi yote ya daktari. Ukisikia neno fistula, au mgonjwa ametoka theatre karibuni, piga simu kwa waliompasua kabla hujafanya lolote.

Soma maandishi kwenye mdomo wa puto, lile tawi dogo la nje lenye valvu ambalo maji ya puto huingilia. Pameandikwa namba ya mpira na kiasi cha maji ambacho puto hubeba, ml 5 hadi 10 au ml 30. Maandishi yakiwa yamefutika, rangi ya mdomo huo inakupa namba: kijani ni 14, chungwa ni 16, nyekundu ni 18. Lakini ukumbuke kuwa kilichoandikwa ni kiasi kinachopaswa kuwemo. Aliyeweka anaweza kuwa alizidisha au alipunguza. Angalia pia una midomo mingapi. Mpira wenye midomo mitatu una wa kusafishia kibofu, na kuna watu wamekaa wakivuta maji kwenye mdomo ambao si wa puto.

Pima joto, mapigo na shinikizo la damu. Papasa tumbo la chini. Fuata mpira kutoka mwilini mpaka kwenye mfuko: umejikunja? Umebanwa na kamba ya paja? Mgonjwa ameukalia? Muulize alipata choo lini mara ya mwisho. Kinyesi kigumu kilichojaa kwenye utumbo wa mwisho kinaweza kuukandamiza mpira mpaka njia ya puto ikafungwa, na mgonjwa akishapata choo puto linatoa maji lenyewe. Ni jambo dogo na linasahaulika mno.

Andaa glavu, mabomba ya sindano mapya mawili au matatu ya ml 10, yenye ncha inayoingia sawasawa kwenye valvu, bomba moja kubwa la ml 50 au 60, maji ya sindano, jeli ya kulainisha yenye asili ya maji, jeli ya lignokaini ya asilimia 2 kama ipo, gozi, na bakuli. Mlaze chali. Mwanamke akunje magoti na kuyaachanisha.

Puto halitoi maji: fuata mpangilio huu

Hatua ya kwanza. Chukua bomba jipya la ml 10. Vuta na kusukuma pistoni mara kadhaa hewani ili ilegee, kisha irudishe mpaka mwisho. Ingiza ncha ya bomba kwenye valvu kwa kuizungusha kidogo mpaka ishike vizuri. Sasa ondoa kidole kwenye pistoni.

Hapa wengi hushindwa kuvumilia. Puto lenye afya linajirudisha lenyewe, likisukuma maji nje, na ukitulia utaona pistoni ikirudi nyuma taratibu, mstari kwa mstari, bila wewe kuigusa. Subiri dakika 5. Ukiivuta kwa nguvu unatengeneza utupu ndani ya njia nyembamba, kuta zake zinagusana, na unafunga mlango unaotaka kuufungua. Sehemu kubwa ya mapito yanayoitwa “yameharibika” yamejibana tu kwa kuvutwa hivyo.

Hatua ya pili. Maji hayaji? Toa bomba, weka jingine jipya. Wakati mwingine ncha haikufika kwenye valvu, au bomba la kwanza lilikuwa linavuja.

Hatua ya tatu. Bado? Sukuma mpira ndani kidogo, sentimita 2 au 3 tu, kwa upole, kisha uzungushe kidogo. Puto likiwa limebanwa kwenye shingo ya kibofu, kulirudisha kwenye nafasi kunaachia shinikizo. Ukikutana na ukinzani, acha. Ukandekande pia mpira kwa vidole sehemu iliyo nje ya mwili, ukiuminya na kuuachia, ili kama kuna uchafu kwenye njia ya puto ulegee. Mbadilishe mgonjwa ubavu.

Hatua ya nne. Ingiza ml 1 hadi 2 za maji ya sindano kwenye mdomo wa puto, polepole, kisha ondoa kidole na uache pistoni irudi yenyewe. Lengo ni kufungua njia, si kuongeza puto. Mgonjwa akisikia maumivu au damu ikianza kutoka, simama. Huenda puto halimo kibofuni bali liko ndani ya njia ya mkojo, na hapo kila tone unaloongeza linapasua.

Hatua ya tano. Acha bomba tupu likiwa limeunganishwa kwa dakika 30 hadi saa moja. Lifunge kwa plasta lisianguke. Mpe mgonjwa blanketi, kaa naye au mwachie ndugu, na urudi kuangalia. Ninaipenda hatua hii kuliko zote kwa sababu haina madhara yoyote, na katika kituo chenye foleni ndefu ndiyo inayorukwa.

Maji yakianza kutoka, endelea mpaka yasije tena, hata kama yamezidi kiasi kilichoandikwa. Andika ni ml ngapi umepata. Kwa mpira wa silikoni usishangae ukipata ml 7 au 8 pale zilipowekwa 10, kwani maji hupenya ukuta wa puto kidogokidogo kwa wiki nyingi. Ila ukipata ml 2 tu kati ya 10, puto bado limejaa. Usivute.

Hatua ya sita ni ya kuuliza ruhusa. Kama valvu ndiyo mbovu, kukata lile tawi dogo la puto, karibu na valvu, kunaweza kuachia maji yadondoke. Vituo vingine havikubali kabisa, na vina sababu: ukishakata huwezi kurudi nyuma, na mkasi ukiteleza ukakata mpira wenyewe, kipande kinaweza kupotelea ndani. Kwa hiyo ongea kwanza na daktari wa hospitali utakayompeleka mgonjwa. Mkikubaliana, kata tawi la pembeni tu, nje ya pale midomo inapogawanyika, huku mkono mwingine umeushika mpira mkuu. Mpira mkuu haukatwi kamwe.

Ukifika hapo maji hayajatoka, kazi yako kwenye zahanati imeisha, na umeifanya vizuri. Andika rufaa.

Yapo mambo ambayo bado yanafanywa na ambayo naomba tuyaache. Kulijaza puto maji mpaka lipasuke kunaacha vipande vya mpira kibofuni, na kila kipande ni mbegu ya jiwe. Kuingiza etha, asetoni au mafuta kwenye njia ya puto ili kulipasua kunaunguza utando wa kibofu. Na huku kwetu kuna mawese kila nyumba: yasipakwe kwenye mpira wala kwenye njia ya mkojo. Mafuta ya aina yoyote, pamoja na yale ya mgando ya kujipaka, huozesha mpira wa kawaida, nao unaweza kukatikia ndani.

Puto ni tupu, mpira bado hauji

Sasa fikiria ule ukingo. Umepata maji yote, unajaribu kutoa kwa upole, na kuna kitu kinagota mahali palepale huku mgonjwa akikunja uso. Rudisha nusu ml hadi ml 1 ya maji kwenye puto, toa bomba, halafu jaribu tena. Kiasi hicho kidogo hunyoosha mikunjo, na puto linapita likiwa laini.

Kama ni misuli iliyobana, paka jeli ya lignokaini pale mpira unapoingilia mwilini, subiri dakika 10, na umwombe mgonjwa avute pumzi ndefu na kuitoa taratibu. Zungusha mpira kidogo huku na huku, kisha utoe wakati anatoa pumzi. Hakikisha kwanza hana mzio wa dawa hizo.

Ukihisi mkwaruzo, au mkojo umekuwa na chengachenga na mpira umekaa zaidi ya muda wake, shuku ganda la chumvi. Tumia jeli kwa wingi, zungusha kwa upole, jaribu mara moja au mbili. Usiposogea, acha. Hospitali itapiga eksirei au ultrasaundi na kuona jiwe lina ukubwa gani, kisha kulivunja au kulitoa. Hapo hakuna ujanja wa mikono unaoweza kuchukua nafasi ya kipimo.

Mkojo umekata na mpira umekwama

Hii ndiyo dharura. Utamkuta mgonjwa hatulii, tumbo la chini limevimba na ni gumu, pengine mkojo unapita pembeni ya mpira. Angalia kwanza mikunjo na uushushe mfuko chini ya kibofu. Kisha safisha njia ya mkojo: kwa bomba kubwa, ingiza polepole ml 20 hadi 30 za maji ya chumvi ya dripu yaliyo safi, kupitia mdomo wa mkojo, na uache yarudi. Yasiporudi, usiongeze. Kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka, na kumwongezea maji mtu asiyeweza kuyatoa ni kumtesa.

Njia isipofunguka, mgonjwa anahitaji mtu anayeweza kutoa mkojo kwa sindano juu ya mfupa wa kinena. Kama wewe umefundishwa, kibofu unakipapasa wazi na hana kovu la upasuaji tumboni, hiyo inaweza kumpa nafuu ya safari. Kama hujafundishwa, usianze kujifunzia kwake. Aondoke sasa hivi, iwe usiku au mchana.

Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kwenye kifua au shingo, ana hatari ya ziada. Kibofu kikijaa, shinikizo la damu linaweza kuruka ghafla: kichwa kinauma kama kinapasuka, uso unakuwa mwekundu au unaloa jasho, mapigo yanashuka. Mketishe, mlegezee nguo, pima shinikizo kila dakika chache. Tiba yake ni kibofu kutoa mkojo. Vijana wengi walioanguka kwenye michikichi au kupata ajali za bodaboda wanaishi na mpira nyumbani, na familia zao zinapaswa kuijua dalili hii kama zinavyojua dalili za malaria.

Homa yenye kutetemeka kwa mtu mwenye mpira uliokwama nayo haisubiri. Maambukizi ya mkojo kwa mzee huingia kwenye damu haraka. Anza matibabu kwa mwongozo wa kituo chako na umpe rufaa siku hiyohiyo.

Safari ya rufaa

Piga simu kabla. Uliza kama kuna ultrasaundi, na kama anayejua kazi hii yupo zamu leo. Kwa watu wa Kasulu na Buhigwe, hospitali kama Kabanga au Heri zinaweza kuwa karibu kuliko mjini. Simu moja huokoa nauli ambayo familia imekopa.

Kwenye barua andika tarehe mpira ulipowekwa, namba na aina yake, maji yaliyowekwa, maji uliyoyapata, kila ulichojaribu, saa ya mkojo wa mwisho na upasuaji wowote. Kama ulikata tawi la puto, andika kwa herufi kubwa. Huko daktari anaweza kupitisha waya mwembamba kwenye njia ya puto, au kujaza kibofu na kulitoboa puto kwa sindano ndefu akiongozwa na ultrasaundi. Mwambie mgonjwa hivyo. Mtu anayejua anachokwenda kufanyiwa hapotezi siku tatu kwa mganga njiani.

Funga mpira kwenye paja kwa plasta, ukiacha nafasi ya kulegea, maana boti ikipiga wimbi au bodaboda ikiingia shimoni mpira usivutike. Mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu ya boti. Umwage kabla ya kuondoka. Mpira usibanwe safarini. Mkojo uendelee kushuka.

Ukishatoka

Utandaze kwenye trei na uutazame kabla ya kuutupa. Puto ni zima? Ncha ipo? Kuna ganda? Kikikosekana kipande, hata kama mgonjwa anatabasamu, anahitaji kibofu kuangaliwa kwa kamera. Andika ulichokiona.

Kisha subiri akojoe. Ndani ya saa 6 hadi 8 anapaswa awe amekojoa, na ni vizuri kupima kiasi. Mkojo wenye wekundu kidogo siku ya kwanza unaweza kuvumiliwa, lakini mabonge ya damu, maumivu yanayoongezeka au kushindwa kukojoa ni sababu ya kurudi mara moja. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kufunga mkojo tena jioni hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, nina msimamo mkali juu ya saa ya kutoa mpira. Toa asubuhi, siku ya kazi. Ukimtoa mzee wa Kalya mpira Ijumaa saa kumi jioni, atafunga mkojo usiku wa manane akiwa nyumbani, ziwa limechafuka, na hakuna chombo kinachoondoka.

Kama anahitaji mpira mwingine, usikimbilie kuuweka kama kutoa wa kwanza kulileta damu. Njia iliyochanika hupokea mpira vibaya, na ncha inaweza kujitengenezea njia yake ya uongo. Ongea na hospitali.

Sehemu ya ndugu

Nyumbani msikate mpira, msivute, msifungue mdomo wa puto. Kazi yenu ni kunawa mikono kabla ya kugusa chochote, kuosha sehemu za siri kwa maji na sabuni kila siku, kumwaga mfuko kabla haujajaa sana, kuangalia mpira usijikunje usiku, na kumsaidia mgonjwa apate choo laini. Maji ya kunywa yawe ya kutosha mpaka mkojo uwe na rangi hafifu, isipokuwa daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Maharage, mboga za majani na matunda vinasaidia choo kuliko ugali wa muhogo peke yake.

Mzee aliyechanganyikiwa, wa kusahau, ndiye anayevuta mpira mwenyewe. Msimfunge mikono. Mvisheni nguo inayoficha mpira, pitisheni mrija kwenye mguu wa suruali, na kaeni naye. Akiwa ameuvuta na damu inatoka, kandamizeni kwa kitambaa safi na mje kituoni.

Kinachozuia yote haya

Mengi huanza siku mpira unapowekwa. Jaza puto kwa maji ya sindano, si maji ya chumvi, kwa sababu chumvi inaweza kuganda ndani ya njia nyembamba na kuiziba. Weka kiasi kilichoandikwa, usikadirie. Jaribu puto au fuata maelekezo ya pakiti kabla ya kuingiza, na usijaze mpaka umeona mkojo ukitoka. Mpira wa kawaida usipitishe wiki 4, wa silikoni usipitishe wiki 12, na wanaoganda chumvi haraka wabadilishiwe mapema kulingana na historia yao. Kila unapoutoa mpira, tazama ncha: ganda ulilolikuta leo linakuambia mwingine ubadilishwe wiki ngapi kutoka sasa.

Na kwenye kadi ya mgonjwa, kwa kalamu isiyofutika, andika mambo manne: namba ya mpira, ni wa aina gani, ml ngapi ziko kwenye puto, na tarehe ya kurudi. Mwonyeshe ndugu mstari huo na umwambie kadi iwekwe pamoja na ya bima, ili hata akiangukia kituo cha Kibondo wakati wewe uko Uvinza, atakayempokea aanze na ukweli huo mkononi.